Manjano, Tangawizi na Mgonjwa wa Saratani ya Matiti



Katika toleo hili nimeona vyema tuzungumze juu ya jambo ambalo huulizwa mara nyingi, wodini, kliniki na hata katika vikao vyetu vya akina mama. Mama akishaambiwa kwamba ana saratani ya matiti, wiki haipiti kabla wifi, jirani au mama mkwe hajafika na kifurushi mkononi. Huyu analeta unga wa manjano, yule tangawizi iliyosagwa, mwingine majani ya mstafeli, mwingine kitunguu saumu kilicholowekwa katika asali. Kila mmoja analeta kwa upendo, na kila mmoja ana habari ya mtu fulani wa mahali fulani aliyepona kabisa.

Mgonjwa naye hubaki njia panda. Je, ninywe au nisinywe? Nichanganye na dawa za hospitali? Au niziache kwanza dripu, ambazo zinanitapisha na kuninyonyoa nywele, nijaribu hivi vitu vya asili ambavyo havina madhara?

Swali hilo la mwisho ndilo linalonifanya nishike kalamu. Saratani ya matiti ikiwahiwa hutibika. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, katika mpango wake wa mwaka 2021, lilitaka mama mwenye dalili apate majibu kamili ya vipimo ndani ya siku 60, na akishaanza matibabu ayamalize. Miezi 6 ya kujaribu majani inaweza kuugeuza uvimbe mdogo wa kutibika kuwa ugonjwa uliofika kwenye ini, mifupa au mapafu. Basi tutazame pamoja, kwa utulivu, ni nini kilicho kweli katika habari za vyakula hivi.

MCHOCHOTA NI NINI?

Ukijikata kidole kwa kisu, baada ya muda mahali pale panakuwa pekundu, panapata joto, panavimba kidogo na kuuma. Hiyo ni kazi ya mwili kujitetea. Damu imeongezeka pale, na askari wa mwili wamefika kuua vijidudu na kufukia jeraha. Hali hiyo wataalamu huiita mchochota. Tusiichanganye na uvimbe wa saratani, maana hayo ni mambo mawili tofauti. Mchochota wa siku chache ni rafiki yetu. Bila huo kidonda kisingepona.

Taabu huanza mchochota unapokuwa mdogo mdogo lakini hauishi. Hauumi wala hauonekani kwa macho, ila damu ikipimwa huonyesha dalili zake. Mchochota wa namna hii hutoa kemikali ambazo zinaweza kuzisaidia chembe za saratani kukua na kujipatia mishipa ya damu ya kuzilisha. Unene uliozidi ni mojawapo ya vyanzo vyake, kwa kuwa mafuta ya mwilini hayakai kimya kama mzigo ghalani. Yenyewe hutoa kemikali za mchochota, na kwa mama aliyekwisha koma hedhi hutengeneza pia homoni ya kike ambayo baadhi ya saratani za matiti huitegemea ili zikue.

Mwaka 2009 nchini Marekani yalitolewa matokeo ya uchunguzi wa wanawake 734 waliokuwa wamekwisha tibiwa saratani ya matiti. Wale ambao damu yao ilionyesha mchochota mwingi walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa katika miaka iliyofuata kuliko wenzao. Kwa hiyo wanaosema kwamba mchochota una uhusiano na ugonjwa huu hawajakosea. Swali ni je, unatulizwa kwa nini?

VIUNGO VYA JIKONI VINA NINI NDANI YAKE?

Manjano. Rangi yake inatokana na kitu kiitwacho kurkumini. Katika maabara, kurkumini ikiwekwa juu ya chembe za saratani ndani ya chupa, huzizuia zisikue, na hupunguza pia kemikali za mchochota. Hapo ndipo zilipoanzia habari zote tunazosikia. Lakini chupa ya maabara si mwili wa mama. Kurkumini ikimezwa, sehemu kubwa hupita tumboni bila kuingia katika damu, na ile kidogo inayoingia huondolewa upesi na ini. Mwaka 1998 wataalamu wa India walionyesha kwamba ikichanganywa na piperini, yaani ule ukali wa pilipili manga, huingia kwenye damu kwa wingi zaidi. Ndiyo sababu vidonge vingi vya manjano vinavyouzwa leo vimechanganywa na pilipili manga.

Je, imejaribiwa kwa wagonjwa wenyewe? Ndiyo. Mwaka 2013 huko Rochester, Marekani, wanawake 30 waliokuwa wakipigwa mionzi ya titi waligawanywa. Wengine walipewa gramu 6 za kurkumini kila siku na wengine vidonge visivyo na dawa. Waliopata kurkumini ngozi yao iliungua kidogo zaidi, na watu wakafurahi. Lakini watafiti waliporudia jaribio hilo kwa wagonjwa 686 na kutoa matokeo mwaka 2018, hawakuona tofauti ya maana kati ya makundi hayo mawili. Hapa tujifunze jambo moja: habari njema iliyotoka kwa watu wachache ingojee kwanza ithibitishwe kwa watu wengi.

Tangawizi. Hii ina sifa nzuri kidogo. Katika matokeo yaliyotolewa mwaka 2012, wagonjwa 576 waliokuwa wakipata dripu za saratani, wengi wao wakiwa wanawake wenye saratani ya matiti, walifuatiliwa. Waliotumia nusu gramu hadi gramu 1 ya tangawizi kwa siku, wakianza siku 3 kabla ya dripu, walipata kichefuchefu kidogo zaidi siku ya kwanza. Zingatieni mambo mawili. Kwanza, walikuwa wakipata pia dawa za hospitali za kuzuia kutapika. Pili, kiasi hicho hakizidi nusu kijiko cha chai cha unga. Kuongeza zaidi ya hapo hakukuongeza faida.

Soya. Akina mama wengi wameogopeshwa kwamba soya ni sumu kwa mwenye saratani ya matiti, kwa kuwa ina vitu vinavyofanana na homoni ya kike. Huko Shanghai, China, wanawake 5,042 waliotibiwa saratani ya matiti walifuatiliwa, na matokeo yakatolewa mwaka 2009. Waliokula vyakula vya soya kwa wingi zaidi hawakudhurika. Tena walirudiwa na ugonjwa mara chache zaidi kuliko waliokula kidogo. Kwa hiyo uji wenye soya au maziwa ya soya nyumbani si wa kuogopa. Hapa tunazungumzia chakula, si vidonge vya soya.

Majani ya mstafeli. Haya yamevuma sana. Yana vitu vinavyoua chembe katika maabara, lakini hata chumvi nyingi itaziua chembe ndani ya chupa. Katika kisiwa cha Guadeloupe, ambako watu hunywa chai ya majani hayo na kula tunda lake kwa wingi, madaktari walieleza mwaka 1999 kwamba waliona wagonjwa wengi wa kutetemeka na kukakamaa mwili wasioitikia dawa za kawaida, na wakaihusisha hali hiyo na mmea huu. Stafeli moja la kula kama tunda si kitu cha kutisha. Kuchemsha majani na kunywa kikombe asubuhi na jioni kwa miezi ndiko ninakokukataza, mama mwenzangu.

“CHA ASILI HAKINA MADHARA.” JE, NI KWELI?

Huu ndio usemi unaotuponza zaidi. Kitu chenye nguvu ya kutibu kina nguvu ya kudhuru pia, na kinaweza kugombana na dawa nyingine.

Chukueni mfano wa tamoksifeni, kidonge ambacho akina mama wengi wenye saratani ya matiti inayotegemea homoni hukimeza kila siku kwa miaka 5 au zaidi. Kidonge hiki hupunguza vifo kwa karibu theluthi moja. Lakini ili kifanye kazi vizuri, ini hulazimika kukigeuza kuwa kitu kiitwacho endoksifeni. Mwaka 2019 madaktari wa Rotterdam, Uholanzi, waliwapa wagonjwa waliokuwa wakitumia tamoksifeni vidonge vya kurkumini, miligramu 1,200 mara 3 kwa siku. Endoksifeni katika damu ilipungua kwa asilimia karibu 8. Ilipoongezwa piperini, ilipungua kwa asilimia 12 hivi. Yaani mama anajiona ameongeza dawa, kumbe ameipunguza ile inayomlinda.

Je, basi tuache kutia manjano kwenye mchuzi? La hasha. Hebu tupige hesabu. Kijiko kimoja cha chai cha manjano kina uzito wa gramu 3 hivi, na kurkumini iliyomo ni karibu miligramu 90 tu. Ili kufikia kiasi walichopewa wagonjwa wa Rotterdam, ungehitaji vijiko kama 40 kwa siku. Hakuna mama anayepika hivyo. Manjano ya pilau na mchuzi ni kidogo mno kuweza kudhuru, na kwa sababu hiyo hiyo ni kidogo mno kuweza kutibu saratani. Anayekuambia kwamba kijiko kimoja katika maziwa kitayeyusha uvimbe hajapiga hesabu.

Yako na madhara mengine ya vidonge na unga mwingi. Mwaka 2022 madaktari wa Marekani walieleza habari za watu 10 walioharibika ini baada ya kutumia vidonge vya manjano, na mmoja wao alifariki. Vidonge vya kitunguu saumu vinaweza kuifanya damu ichelewe kuganda, jambo la hatari kwa anayekwenda kufanyiwa upasuaji. Tunda la balungi nalo huzuia ini kuvunja baadhi ya dawa, hivyo muulize daktari kabla ya kunywa maji yake kila siku.

Na anayeacha hospitali kabisa? Mwaka 2018 wataalamu wa chuo kikuu cha Yale walilinganisha wagonjwa waliochagua tiba mbadala peke yake na wenzao waliofuata tiba ya hospitali. Kwa saratani ya matiti, hatari ya kufa kwa waliochagua tiba mbadala ilikuwa zaidi ya mara 5. Akina mama, idadi hiyo isomwe polepole. Hao walikuwa na ugonjwa ambao bado haujasambaa, yaani ule unaotibika.

JE, MAWAZO NDIYO YALIYOLETA UGONJWA?

Nimesikia mgonjwa akiambiwa kitandani kwake, “Umejiletea mwenyewe kwa mawazo mengi.” Mwingine huambiwa kwamba hakusamehe, na ndiyo maana titi limeota jiwe. Maneno kama hayo huumiza kuliko sindano, na hayana ushahidi. Huko Uingereza wanawake 106,000 walifuatiliwa, na mwaka 2016 ikatolewa taarifa kwamba waliokuwa na msongo mwingi wa mawazo, hata waliofiwa au kuachwa na waume zao, hawakupata saratani ya matiti zaidi ya wengine. Basi tukome kumlaumu mgonjwa.

Lakini msongo unaokuja baada ya ugonjwa ni jambo la kweli na unahitaji kushughulikiwa. Mtu akiwa na hofu, mwili hutoa homoni, mojawapo ikiwa kotisoli. Kwa muda mfupi kotisoli hutuliza mchochota. Hofu ikidumu miezi na miezi, mwili huizoea na kuacha kuitii, na mchochota huendelea. Usingizi hupotea, hamu ya chakula huisha, maumivu huzidi, na mgonjwa huanza kukosa tarehe zake za kliniki. Hapo ndipo msongo unapodhuru hasa.

Nini husaidia? Katika jimbo la Ohio, Marekani, wanawake 200 waliomaliza matibabu ya saratani ya matiti waligawanywa katika makundi mawili. Nusu yao walifanya mazoezi ya yoga, yaani kunyoosha viungo na kuvuta pumzi polepole, mara 2 kwa wiki kwa wiki 12. Matokeo yalitolewa mwaka 2014. Miezi 3 baada ya mazoezi kwisha, uchovu wao ulikuwa umepungua, na dalili za mchochota katika damu pia zilikuwa chini kuliko za wenzao. Si lazima ufanye mazoezi hayo hayo. Kutembea kwa miguu nusu saa, siku nyingi za wiki, kadiri nguvu zinavyoruhusu, ni mazoezi mazuri ambayo hayahitaji shilingi.

Jambo la pili ni wenzako. Mwaka 1989 taarifa kutoka California ilisema kwamba wanawake wenye saratani ya matiti iliyosambaa, waliokutana kila wiki kuzungumza na kufarijiana, waliishi muda mrefu zaidi. Wakanada walirudia jaribio hilo kwa wanawake 235, na mwaka 2001 wakasema hawakuona maisha kurefuka. Walichokiona ni kwamba maumivu yalipungua, na wale waliokuwa na huzuni nyingi walipata nafuu. Kwa hiyo tusimwahidi mgonjwa kwamba kikundi kitamponya. Lakini kumpunguzia mtu maumivu na huzuni si kazi ndogo.

BASI MGONJWA ALE NINI?

Wakati wa dripu, adui wa kwanza ni kukosa chakula cha kutosha. Mwili unahitaji protini ili urudishe chembe za damu na kuponya kidonda cha upasuaji. Maharage, kunde, choroko, dagaa, samaki, mayai, maziwa, mtindi na karanga vyote vinafaa. Dagaa na samaki wana mafuta ambayo hutumika mwilini kutuliza mchochota. Ongezeni mboga za majani kama mchicha, matembele, kisamvu na majani ya maboga, na matunda ya msimu kama papai, mapera na machungwa. Ugali wa dona ni bora kuliko wa sembe. Gharama yake ni ndogo kuliko chupa moja ya vidonge vya dukani.

Asipoweza kula sahani nzima, apewe kidogo kidogo mara 5 au 6 kwa siku. Akiwa na vidonda mdomoni, ondoeni pilipili, ndimu na viungo vikali, hata hiyo tangawizi. Uji wa lishe uliopoa na mtindi vitashuka vizuri. Mboga na matunda yaoshwe kwa maji safi, nyama na mayai viive kabisa, kwa kuwa askari wa mwili wake ni wachache wakati huo.

Matibabu yakiisha, akina mama wengi hunenepa. Hapo ndipo pa kupunguza soda, sukari, maandazi na chapati za mafuta mengi, na kuacha pombe, maana pombe huongeza hatari ya saratani ya matiti.

SISI TULIO KARIBU NAYE TUFANYE NINI?

1. Kabla ya kumpelekea kifurushi cha dawa ya asili, muulize kama yumo katika matibabu na ni dawa gani anazotumia. Kama unataka kumpelekea kitu, kuku wa kienyeji, mayai au kilo ya dagaa vitamfaa zaidi.

2. Kama tayari anatumia unga au majani, usimgombeze. Mshauri ayabebe aende nayo kliniki, amwonyeshe muuguzi. Nasi wauguzi tunapaswa kumpokea bila kumfokea, maana anayefokewa leo atatuficha kesho.

3. Jueni kinachomnyima usingizi. Mara nyingi si ugonjwa pekee. Ni nauli ya kwenda Ocean Road, Bugando au KCMC kila baada ya wiki 3. Ni watoto watakaobaki na nani. Ni hofu kwamba mume hatamtazama tena baada ya titi kukatwa. Kikundi cha akina mama 10 kinaweza kugawana mambo hayo: huyu nauli, huyu kupika, huyu kulala na watoto, huyu kumsindikiza. Hiyo ndiyo dawa ya msongo ninayoiamini zaidi.

4. Mume ashirikishwe tangu mwanzo. Aingie pamoja naye kwa daktari, asikie kwa masikio yake kwamba saratani haiambukizi, wala si laana.

5. Mgonjwa anayepata dripu akipata homa ya nyuzi 38 au zaidi, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Msingoje, wala msimpe mizizi ya kushusha homa. Hali hiyo huua upesi.

6. Na wewe msomaji uliye mzima, ukiona uvimbe mpya kwenye titi au kwapani, ngozi iliyobonyea au kukunjamana kama ganda la chungwa, chuchu iliyoingia ndani au kutoa damu, usianze na jikoni. Anza na kituo cha afya, hata kama hauumi. Uvimbe wa saratani mara nyingi hauumi mwanzoni.

Kwa hiyo, mama, manjano yabaki kwenye sufuria yako na tangawizi kwenye chai yako. Vinaleta ladha, na ladha humrudishia mgonjwa hamu ya kula. Ila tarehe ya dripu ikifika, sufuria ifunikwe, tumsindikize mwenzetu hospitali.

Hadi toleo lijalo, nawatakia afya njema na nyumba zenye amani.